Chetezo cha Sumaya

"Haya manukato umepewa na nani?"

Uthmani hata macho alikuwa hajayafungua vizuri. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mkewe Raihana alikuwa amekaa kitandani, ameshika mto kwa mikono miwili, anaunusa, anautupa, anauchukua tena. Mto ulinuka udi. Si ule udi wa vipakiti wa sokoni, la, ni ule mzito wa kizamani unaokwama kooni, na ndani yake kuna harufu ya maua yaliyosahauliwa majini siku nyingi.

"Manukato gani? Mi nanuka mafuta ya gari tu, we mwenyewe unajua."

"Usinichezee, Uthmani."

"Wallahi, bibi, sijui unasema nini."

Maskini, alikuwa anasema kweli. Alikuwa fundi wa magari Buyenzi, mtu wa kutoka gereji, kuswali, kula na kulala. Lakini nani angemwambia Raihana hayo akasikia? Wivu wa Raihana haukuwa wa mchezo. Huyu ndiye aliyemfukuza muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mlangoni, beseni kichwani, kwa kosa la kumwita Uthmani "sheri", yaani mpenzi. Mtaa mzima wa Carama ulicheka wiki nzima.

Na bora basi angekuwa na wivu na walio hai tu. Alikuwa na wivu na Sumaya, mke wa kwanza wa Uthmani, aliyekufa kwa ugonjwa miaka miwili nyuma katika nyumba hiyohiyo. Aliye hai utamtukana, utavutana naye vilemba, yaishe. Marehemu utamfanya nini? Siku moja Uthmani alikunywa chai akasema, bila nia mbaya, kwamba Sumaya alikuwa anatia tangawizi. Tangu siku hiyo tangawizi haikuingia tena jikoni mwake.

Kisha, wiki moja na kitu kabla ya asubuhi hiyo ya mto, Raihana akakiona chetezo. Alikuwa anafuta vumbi juu ya kabati, mkono ukagusa kitu kizito kimefungwa katika shali ya kijani. Chetezo cha shaba, cha kufukizia udi, na shali ni ya Sumaya. Wanawake wa Kiislamu wa Bujumbura wanajua vizuri: vitu vya marehemu hugawiwa kabla arobaini haijapita, na kile alichofukizia kitanda chake hakibaki ndani ya nyumba. Uthmani aligawa nguo, akagawa masufuria, akaficha hicho kimoja. Roho yake ilishindwa kukiachia.

Mwanamke mwingine angeuliza wakubwa. Raihana alikisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa, na Alhamisi ile magharibi akatia makaa, akatia udi, akakipitisha chini ya kitanda, juu ya godoro, pembe zote nne.

"Sumaya, ulishaenda," alisema kwa sauti. "Nyumba ni yangu, kitanda ni changu, mwanamume ni wangu. Na kila aliyemo humu anijue mimi."

Akakirudisha juu ya kabati, hakukiwasha tena. Lakini Alhamisi iliyofuata usiku harufu ilikuja yenyewe, na Ijumaa ndiyo akaamka na mto mikononi.

Basi akaanza kumchunga mumewe. Akapekua simu, akakuta mafundi na wenye magari yao tu. Alhamisi ya pili alisikia godoro limebonyea nyuma yake, taratibu, kama mtu anayekaa bila kutaka kuamsha wengine, akadhani Uthmani anatoka kwenda kwa huyo mwanamke. Akageuka haraka amfumanie. Hapakuwa na mtu; Uthmani alikuwa upande ule mwingine, amelala fofofo, anakoroma. Ijumaa hiyo huko gereji jeki ikateleza, gari likashuka kidogo tu pembeni ya kichwa cha Uthmani, likamchubua bega. Raihana alimpaka dawa begani, akalia, na katikati ya kilio akauliza tena kuhusu manukato.

Alhamisi ya tatu ilinyesha mvua kubwa, umeme ukakatika mapema. Raihana alikuwa na maharage motoni, akaiacha mbabula yake, lile jiko la makaa, barazani, chini ya mabati, na sufuria juu yake, yaive polepole kwa ajili ya kesho. Wakala, wakaswali, Uthmani akafunga mlango kwa komeo, wakalala. Usiku wa kawaida kabisa.

Baridi ya shavuni ndiyo iliyomwamsha Raihana. Alifumbua macho akaona mabati, si dari, akasikia mvua iko karibu sana, akapapasa akakuta mkeka, akajua kwamba yuko barazani, na hakukumbuka kuamka wala kutembea. Pembeni yake sufuria ya maharage ilikuwa imewekwa chini vizuri, kifuniko juu, bado ya moto, ila mbabula iliyokuwa chini yake haikuwepo, na alipotaka kusimama aligundua kwamba amefunikwa shali, shali ya kijani, na mtu ameikunja na kuichomeka chini ya miguu yake asipigwe na baridi, namna mama anavyomfanyia mtoto. Akaukimbilia mlango, akausukuma, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, na chini ya mlango palikuwa pamezibwa kwa nguo, akakimbilia dirisha la chumbani, nalo limefungwa, akaweka uso kwenye kioo, na ndani ya giza akaona wekundu wa makaa, mbabula imewekwa sakafuni karibu kabisa na kichwa cha Uthmani, na Uthmani amelala mdomo wazi hatikisiki, na ule upande mwingine wa kitanda, upande wake yeye, godoro lilikuwa limebonyea.

Nyuma ya sikio lake sauti ya kiume ikasema, kwa upole sana, "Mwache alale."

Raihana alipiga ukelele uliomtoa jirani yake Esperance, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mbio kwenye mvua na mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, mkononi.

"Kuko nini? Mwizi?"

"Uthmani! Vunja dirisha! Vunja!"

"Yesu wangu! Toka apo, vioo itakukata!"

Kioo kikapasuka, Esperance akapita, akafungua komeo, wakamburuta Uthmani kwa makwapa mpaka nje. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Uyu mutu anakufa," Esperance alinong'ona. "Mama, anakufa."

"Hapana! Hafi!" Raihana alimpiga makofi, akamtikisa, maji ya mvua yakiwatiririka wote. "Uthmani, amka. Nitakutilia tangawizi, unasikia? Kila siku, wallahi, nitakutilia!"

Uthmani akakohoa. Akatapika. Akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, na Raihana akamlalia kifuani akilia kwa sauti.

Hospitalini daktari aligomba. Ni moshi wa makaa, alisema, dakika kumi tu zaidi mungezika mutu, kwa nini munalala na mbabula ndani?

Alasiri alikwenda Buyenzi kwa Bi Fatouma, mwosha maiti wa kike, aliyemwosha Sumaya. Bi Fatouma alimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakaja pamoja Carama, akainusa mito yote miwili.

"Huu ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Unanuka mafuta ya gari. Na huu?"

Raihana akaunusa mwenyewe: udi. "Wangu."

"Mwanangu, hakuna mwanamke aliyekuja kwa mumeo," Bi Fatouma alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini mwanamume, na amekuja kwako. Alikuwa wa Sumaya tangu usichana wake, mwenyewe aliniambia. Sumaya alikuwa anamfukizia kila Alhamisi, amridhishe, ili amwache Uthmani apumue. Sasa we ukawasha, ukasema anijue mimi. Amekujua. Na ana wivu kukushinda."

"Sasa nifanye nini?"

"Umfukizie kila Alhamisi maisha yako yote, kama mwenzio. Ama tumtoe. Ila siwezi kukuapia kwamba atatoka."

Raihana alifikiria Alhamisi zote hizo, akimhudumia asiyeonekana, mumewe amelala pembeni.

"Sitachangia Uthmani na mtu," alisema, "wala mi sitachangiwa. Atoke."

Bi Fatouma akachemsha majani ya mkunazi, akaosha chumba kizima akisoma Ayatul-Kursiy, Raihana akimfuata nyuma na ndoo. Sahani zilitikisika kabatini, kisha kukawa kimya. Shali wakaichoma. Chetezo wakakipeleka ziwani, Raihana akakitupa kwa mkono wake mbali kadiri alivyoweza.

Alhamisi moja ikapita bila harufu. Ya pili. Ya tatu. Uthmani alirudi gereji, akanenepa kidogo. Raihana alitimiza kiapo chake cha tangawizi, na ajabu, moyo haukumuuma.

Ijumaa moja asubuhi alimletea chai kitandani. Alipoinama kuweka kikombe, Uthmani alimshika mkono akamvuta kwa mapenzi, akaweka pua shingoni mwake. Tabasamu likamfutika usoni. Akanusa tena, akakohoa, akamwangalia mkewe kwa macho ambayo Raihana aliyajua vizuri, kwa sababu yalikuwa yake.

"Raihana," alisema, "haya manukato umepewa na nani?"