Kadi ya Lévi

Kila siku baada ya masomo, saa nane kamili, watoto watano wa klabu ya kompyuta walisimama mbele ya ukuta wa darasa lao, katika shule moja ya Nchelenge, mji wa kando ya ziwa unaotazamana na Kongo. Ukutani palikuwa na kadi za kazi katika safu tatu: Bado, Inafanywa, Imekwisha. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa, maana anayekaa hunogewa na maneno. Kila mmoja alieleza alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomkwamisha.

Kocha wao alikuwa Pierrette, msichana wa miaka kumi na mitatu. Alichaguliwa na Madame Claire, mwalimu wa klabu, ambaye kabla ya kuvuka ziwa alikuwa kocha wa watengeneza programu huko Lubumbashi.

"Kocha haiko chef, haiko mukubwa wa kuamuru," Madame alimwambia. "Kazi yake ni kuuliza, kusikia, na kuondoa majiwe mu njia ya bengine."

Kuuliza, Pierrette alikuweza. Kusikia kulimpita kando. Alipenda mkutano uende mbio na kadi zihamie upande wa kulia, basi akajiona hodari kweli kweli.

Na kazi yao haikuwa mchezo. Walikuwa wanatengeneza programu ya kutuma ujumbe kwenye simu za watu wa vijiji vya wavuvi, ili zahanati ikigundua kipindupindu, watu waonywe mara moja. Lévi, mvulana mpole wa miaka kumi na miwili, alipewa kazi ya kuingiza na kujaribu namba za simu za Kabuta, kijiji cha kwao.

Alhamisi moja zamu yake ilifika.

"Lévi, kazi habari gani?"

"Muzuri," akajibu.

Kila anayesema Kiswahili anajua kwamba "nzuri" ni mlango tu. Hata aliyefiwa huanza nayo, kisha ndipo husema, "ila nyumbani tuna msiba." Ndivyo adabu inavyotaka, na Pierrette alilijua hilo tangu akibebwa mgongoni. Lakini siku ile muuguzi wa zahanati, Ba Mathews kama walivyomwita kwa heshima, alikuwa anakuja kukagua kazi, na Pierrette alitaka safu ya tatu ionekane imejaa.

"Bon, sawa. Imekwisha," akasema, akaibandua kadi ya Lévi na kuihamisha. "Mwengine."

Lévi alifumbua mdomo, lakini anayefuata alikwisha kuanza kueleza. Ba Mathews alipofika, aliona safu ya tatu imejaa, akaichukua programu ianze kutumika.

Wiki mbili baadaye kipindupindu kiliingia Kabuta. Zahanati ikatuma onyo: maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa, na dawa ya kusafishia maji inagawiwa bure kanisani. Wengi walipata ujumbe huo. Mama Yolande hakuupata. Huyu alikuwa shangazi yake Lévi, mchuuzi wa samaki, mtu wa kwenda Kongo na kurudi. Alianza kuharisha Jumapili mchana, na Jumatatu asubuhi alikuwa amekufa. Jamaa zake hawakuruhusiwa hata kumwosha.

Alhamisi Ba Mathews alifika shuleni. Hakuwa na hasira, na ingekuwa heri angekuwa nayo. Alisema nyumba kumi na moja za Kabuta hazikuonywa, zote za watu wenye laini za Kongo. Namba zao zilianza na 243, na programu ilizikataa zote. Kisha akaitazama kadi yenye jina la Lévi chini ya neno Imekwisha.

"Nani alijaribu namba za Kabuta?" akauliza.

Lévi aliinamisha kichwa, asijitetee. Pierrette angenyamaza tu, jambo lingemwangukia Lévi, kwani kadi haikuwa na jina la kocha. Alitamani kunyamaza. Akamtazama Lévi, aliyenyolewa kichwa kwa ajili ya msiba, akashindwa.

"Kosa ni yangu," akasema. "Lévi hakusema imekwisha. Miye njo nilihamisha ile kadi. Alitaka kusema kintu, nikamukata."

"Ulitaka kusema nini, mwana?" Madame Claire akamuuliza Lévi.

"Numero za Congo zilikuwa zinakatala. Nilizijaribu mara tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaona kadi imeshaenda, nikaogopa. Numero ya shangazi njo ilikuwa ya kwanza."

Ba Mathews alisema hakuna awezaye kuapa kwamba ujumbe ungemwokoa Mama Yolande. "Lakini ilikuwa haki yake kuupata," akaongeza.

Pierrette alilia mbele ya wote. Alimwomba Lévi msamaha, naye Lévi akachukua begi lake akaenda zake nyumbani.

Marekebisho yalichukua siku mbili tu, jambo ambalo liliwauma zaidi. Programu sasa ilipokea namba za nchi zote mbili. Safari hii Ba Mathews alipita nyumba kwa nyumba Kabuta kuhakikisha kila simu inapokea, na hadi alipomaliza, hakuna aliyeigusa kadi. Simu kumi kati ya zile kumi na moja zilipokea; namba moja Lévi hakuitumia ujumbe.

Katika mkutano uliofuata, Pierrette alimuuliza Lévi ni nini kinachomkwamisha. Lévi alitazama sakafu. Wenzake walianza kuhamisha uzito mguu hadi mguu, lakini kocha wao hakuharakisha. Alingoja.

"Numero ya shangazi," Lévi akasema hatimaye. "Sijue kama tuifute."

"Weye unataka nini?"

"Ibakie. Simu iko na mutoto wake Chouchou. Naye anakunywa maji ya kule."

Wakaitumia namba ile ujumbe wa majaribio. Baada ya kitambo jibu la Chouchou likaja: ameupata.

Watoto walipotawanyika, Madame Claire alimzuia Pierrette mlangoni.

"Mutu akikuambia muzuri, usikimbie," alisema. "Habari yenyewe ingali nyuma, umungoje aitoe. Na kama kazi haiyaisha, musione haya kusema haiyaisha. Ile haya inapita kesho yake. Yolande yeye harudi."