Gari Lililolala Kona Zote

Fundi mkuu alikuwa amelazwa kando ya gurudumu la nyuma kushoto, koti lake la kazi limemfunika uso. Alikuwa ameingiza kichwa kati ya tairi na bodi, asikilize upepo unavujia wapi, gari likamshukia. Lilikuwa gari la wenye nafasi zao, kuukuu sasa, ila maringo yale yale: halikubali springi kama magari mengine, linabebwa na mifuko ya upepo. Siku za karibuni lilikuwa likiamka limeinama kona hiyo.

Inspekta aliwahi kuona maiti wengi. Kilichomtia simanzi ni mdogo wa marehemu, mwanamume mzima, aliyekaa sakafuni akilia kwa kwikwi.

"Ni mimi, afande. Mfuko wa kona hii niliufunga mimi, jana. Umepasuka. Nimemuua kaka yangu."

"Ulikuwepo?"

"Nilikwenda dukani kuchukua sabuni, tupake povu tuone panapovuja. Nikasikia mayowe. Nikakimbilia jeki, nikainua hapa, nikamtoa. Alishakata roho."

"Nani alipiga mayowe?"

"Mimi, afande," alijibu dereva wa mwenye gari, mzee nadhifu, shati limepigwa pasi. "Nilikuwa nje napunga upepo. Limeanguka lenyewe."

Inspekta akalizunguka gari. Mbele, ambako jeki haikugusa, bodi ilikuwa imekalia matairi, kulia na kushoto.

"Mfuko mmoja ukipasuka," alimuuliza mdogo wa marehemu, "gari linalalaje?"

"Kona ile ile tu, afande. Nyingine zina..." Akainuka, akafuta machozi kwa mkono wenye grisi, akaikodolea macho pua ya gari. "Limelala lote! Hili limeshushwa. Kuna kitufe ndani."

Dereva alikuwa amewapa kisogo, anatazama barabara.

"Mzee wangu, nani alikuwa kwenye usukani?" Inspekta aliuliza.

Akarudia kwa sauti. Mzee hata hakutikisika. Inspekta akaenda kusimama mbele yake.

"Nimekuuliza mara mbili. Husikii?"

"Nasikia, afande, nilikuwa na mawazo tu."

"Fundi alikuambia nini?"

Mzee akakaa juu ya tairi bovu. "Alisema 'shusha'. Nikabonyeza. Nilidhani ameshatoka."

"Shusha?" mdogo wa marehemu alifoka. "Kichwa kiko ndani aseme shusha? Alisema 'washa'! Injini ikiwaka ndipo pampu inajaza upepo!"

Mzee alimtazama midomo, rangi ikamtoka.

"Washa," alinong'ona. "Masikio yameniishia, afande. Nasoma midomo ya watu, nisipoiona nabahatisha. Tajiri akijua, siku hiyo hiyo nakabidhi ufunguo, na mimi bila usukani si mtu. Nikaona nikisema limeanguka lenyewe, hakuna atakayeumia."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. "Ni kosa la kuua bila kukusudia, mzee wangu. Na uongo juu yake."

Mdogo wa marehemu hakumpiga wala kumtukana. Alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu:

"Umenitazama tangu asubuhi, mzee, nikijiita muuaji wa kaka yangu."

Safari hii mzee hakubahatisha hata neno moja.