Maswali ya Kitanda cha Tisa

Saa mbili asubuhi wodi ya wanaume ilikuwa imechangamka kama soko. Troli zinalia magurudumu, ndoo zinagongana, wagonjwa wanaulizana nani kalala na nani kakesha. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili akaingia na gauni jeupe lililonyooka, mkanda wa buluu umembana kiuno, kalamu mbili mfukoni.

Mwalimu wao wa wodi, mama mmoja waliyembandika jina la Bi Rula kwa jinsi alivyowanyoosha, akamkabidhi faili. "Kitanda cha tisa. Kaingia alfajiri, analalamika tumbo. Niandikie historia ya ugonjwa wake wa sasa. Maneno yake, si yako. Nusu saa."

Binti akafika kitanda cha tisa, akainua macho, na moyo ukampasuka paa! Aliyelala pale, midomo imepauka, dripu mkononi, alikuwa fundi cherehani, mpenzi wake wa zamani.

Miezi minane nyuma, mwanamume huyu alitakiwa kwenda kwao kujitambulisha. Mama alifua mapazia yote. Mashangazi walijaa sebuleni wakamsubiri mgeni mpaka chakula kikapoa, mpaka wakaanza kutazamana. Hakutokea. Simu yake ikawa haipatikani, kibanda chake cha kushonea kikafungwa, na wakasema kahamia upande wa pili wa mji. Binti alilia wiki mbili. Ya tatu akafuta machozi, akajiapiza: siku nikimtia mkononi, atajuta kunijua.

Na leo huyo hapa, amelala chali.

"Wewe!" fundi akanong'ona. "Malkia wangu..."

"Malkia wako nani? Mimi hapa ni nesi mwanafunzi. Jibu unachoulizwa." Pazia lilikuwa karibu na mkono wake. Hakulivuta. "Kilichokuleta hospitali?"

"Tumbo."

"Sikusikii!"

"Tumbo!"

Mzee wa kitanda cha nane akazima redio yake asije akakosa neno.

"Lilianza lini?"

"Wiki tatu sasa. Linachoma hapa, juu ya kitovu."

"Linachoma kama nini? Kama kuachwa bila kuagwa?"

Mzee akakohoa. Fundi akafumba macho.

"Unatumia dawa gani?"

"Za maumivu ya mgongo. Nainama kwenye cherehani kutwa nzima. Vidonge vinne, vitano kwa siku."

"Na chakula?"

"Nikikumbuka."

"Usinitie huruma. Choo kikoje?"

Fundi akamtupia jicho mzee wa pembeni. "Tafadhali, vuta pazia."

"Jibu."

"Cheusi," akasema kwa aibu. "Kama lami. Tangu juzi. Na nikisimama, dunia inazunguka."

Alimsikia vizuri sana. Lakini mkono ukaandika: *choo cha kawaida*. Akahisi utamu wa kumrudishia mtu kofi alilokupiga.

"Nilikuja siku ile," fundi akasema ghafla. "Nimevaa shati jipya, viatu nimeazima. Kaka yako akanipokea mlangoni. Akaniambia umeshaposwa na daktari, nisikuaibishe mbele ya wageni."

Kalamu ikasimama. "Ukaamini?"

"Ni kaka yako wa damu, mpenzi. Nani angebisha?"

"Ukaamini bila kuniuliza swali moja! Mimi nimekuuliza kumi kwa ajili ya tumbo lako tu!"

Akaondoka kwa vishindo. Hasira haikupungua hata chembe. Sasa ilikuwa na watu wawili wa kuwala. Lakini katikati ya wodi akasimama. Choo cheusi kama lami. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua maana yake: mtu anavuja damu ndani. Akaegemea ukuta, akapiga mstari juu ya uongo wake, akaandika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kisha akakimbia.

Bi Rula akasoma, akainua miwani. "Umefuta nini hapa?"

"Uongo, mwalimu. Nina kisasi naye."

Bi Rula akamwita daktari papo hapo. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa ameshaongezewa chupa mbili za damu, na kamera iliyoshushwa tumboni imekiona kidonda kinachovuja, kikazibwa.

"Ungechelewa, tungekuwa tunaongea lugha nyingine," Bi Rula akamwambia. "Zamu yako katika wodi hii utairudia yote. Wiki sita."

"Sawa, mwalimu."

Siku ya tatu, fundi alipoanza kukaa kitako, binti akapiga simu.

"Halo, kaka? Njoo hospitali saa kumi. Kuna mgonjwa anakuulizia."

"Nani tena?"

"Utamjua ukimwona. Pendeza."

Kaka akaja ananukia marashi, shati la mikono mirefu, mfuko wa machungwa mkononi. Alipomwona aliyelala kitanda cha tisa, akataka kugeuka. Dada yake akamsogezea kiti.

"Kaa. Nieleze, uongo wako ulianza lini?"

"Dada, mbele za watu hivi?"

"Na mimi niliaibika wapi? Chumbani?"

"Nimekusomesha mimi!" kaka akafoka. "Nitoke jasho, halafu uolewe na mpima viuno?"

"Mpima viuno huyu nusura afe, na mimi nusura nimuue kwa ajili yako. Mwombe radhi. Kwa sauti, mzee wa kitanda cha nane hasikii vizuri."

"Nasikia vizuri sana, mwanangu," mzee akasema. "Lakini arudie tu."

Kaka akamgeukia mgonjwa. "Nisamehe, fundi."

"Tena."

"Nisamehe!"

Fundi akamtazama binti. "Na mimi je? Umenisamehe?"

"Nani kakwambia zamu yako imekwisha?"

"Nataka kukuoa. Nikiruhusiwa tu, nakuja kwenu."

"Utakuja. Kila Jumapili, miezi minane. Utakaa sebuleni, mama akukodolee macho, mashangazi wakuhoji mpaka wachoke wao. Na huyu," akamnyooshea kaka kidole, "ndiye atakayekufungulia mlango."

"Kila Jumapili?" kaka akaruka.

"Kila Jumapili."

Fundi akatabasamu kwa midomo iliyoanza kurudi rangi. "Saa ngapi, malkia wangu?"

"Saa nne kamili," akajibu, huku akijizuia kucheka. "Ukichelewa dakika moja, tunaanza kuhesabu upya."