Pindo Lililofumuliwa

Baridi ya Singida mwezi wa saba haina adabu. Inaingia kwenye mkono wa koti, inapanda mpaka kwapani, na ikifika shingoni inakaa hapo hapo. Ndiyo maana asubuhi ile, kwenye meza za mitumba karibu na stendi, hakuna aliyemshangaa kijana aliyeshuka kwenye pikipiki akiwa amejizungushia taulo la kuogea shingoni. Wote walikuwa wanatetemeka kivyao. Aliyemshangaa ni mwanamke mmoja tu, muuza skafu.

"Kaka, umetoka bafuni ukapotea njia?"

Haji aligeuka. Nyuma ya pikipiki yake kulikuwa na matenga ya kuku aliowakusanya vijijini tangu alfajiri ili awapakie kwenye basi la Dar, na unyoya mmoja ulikuwa umemganda kwenye nyusi. Mwanamke aliyemsema alikuwa mrefu, kavaa gauni la kitenge cha njano, juu yake sweta jeusi la kiume lililokunjwa mikono. Alikuwa mzuri, na alijua.

"Skafu ni za wanawake," Haji alijitetea.

"Na taulo ni la nani?"

Watu walicheka, na Haji mwenyewe akashindwa kujizuia. Akasogea mezani.

"Hiyo ya sufu usiiguse," mwanamke alisema. "Itakuwasha mpaka uitupe njiani. Chukua hii ya pamba nzito. Ndefu, inazunguka mara mbili. Bluu iliyokolea, haionyeshi uchafu. Na ncha zake usiziache zikapepea, wewe mtu wa pikipiki. Zikinasa kwenye mnyororo tutakuzika na kuku wako."

Alimvisha mwenyewe, akaziingiza ncha ndani ya koti, akampigapiga kifuani.

"Unaitwa nani?" Haji aliuliza, sauti imempungua.

"Amne. Taulo kamrudishie mwenyewe."

Tangu siku hiyo Haji akawa hawezi kupita stendi bila kusimama. Kila asubuhi alifika skafu ikiwa imevaliwa ovyo, na kila asubuhi Amne alimtengenezea huku akimsimanga. Jioni Haji alimpigia simu.

"Bwana Kuku, umefika salama?"

"Nimefika, mpenzi. Ila shingo imekukumbuka."

"Shingo peke yake?"

"Yaliyobaki nitakwambia ukishakuwa wangu."

Amne alikuwa amemzidi Haji umri kidogo, na aliwahi kuolewa akaachika. Alimweleza yote mapema, bila kupunguza. Haji akasema hayo hayamhusu, yeye anatafuta mshenga.

Yalimhusu shangazi yake. Shangazi Mwanvua wa Utemini ndiye aliyemlea Haji tangu mama yake afariki, na habari za stendi zilimfikia kupitia Happiness, jirani yake, ambaye meza yake ya masweta iko ubavuni mwa meza ya Amne. Kwamba kuna mtalaka. Kwamba kila asubuhi anamshika kijana shingo mbele za watu. Na kwamba kijana hasikii wala haoni.

"Leta hiyo skafu," shangazi alisema jioni moja.

Aliigeuza chini ya taa. Pindo lilikuwa la bluu upande mmoja, na upande wa pili limeshonwa kwa uzi mweusi.

"Huu uzi mweusi ni wa nini?"

"Mitumba inakuja imefumuka, shangazi. Huwa anashonashona."

"Anashonea nini ndani?"

Majirani wakaitwa washuhudie, Happiness akiwa wa kwanza. Shangazi akachukua wembe, akalifumua pindo lote taratibu akitafuta dawa. Zilianguka nyuzi tu. Hata hivyo hakuona haya.

"Dawa za siku hizi hazionekani kwa macho," alisema, na majirani wakaitikia.

Haji alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Hakusema neno. Mimi namlaumu kwa hilo, na sitalipunguza makali kwa sababu eti alikuwa anamheshimu shangazi.

Kesho yake alifika stendi na taulo.

"Skafu iko wapi?" Amne aliuliza.

"Nimeisahau."

Alidanganya vibaya, macho yapo kwa kuku. Alipoondoka, Happiness akashindwa kuvumilia utamu uliokuwa mdomoni mwake.

"Haijasahauliwa, dada. Imefumuliwa kwa wembe. Tuliitwa tukaangalie kama umeweka kitu."

Jioni Amne ndiye aliyepiga simu.

"Ni kweli?"

"Amne, nilikubali ili shangazi aridhike."

"Karidhika?"

Haji alihamishia simu sikio la pili.

"Wembe ulipokuwa unapita, wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

"Kwenye pindo."

"Ulitaka kuona nini?"

"Nilitaka waone hamna kitu."

"Waone wao, au uone wewe?"

Haji hakuwa na uongo mwingine. "Na mimi," alisema.

Simu ikakatwa. Amne akalia usiku ule mpaka macho yakavimba, maana alimpenda yule mvulana wa kuku kuliko alivyotaka.

Mambo yakawa mabaya. Wateja walianza kupapasa mapindo kabla ya kuuliza bei, wengine wakapita mbali kabisa. Huku kwetu jina la mchawi likishamgusa mwanamke, hata salamu zake huogopwa. Mama yake Amne, kule nyumbani Mwankoko, akamshauri aende akauzie Manyoni mpaka maneno yapoe.

"Siendi popote," Amne alisema. "Aliyechoka kuniona ahame yeye."

Alinunua uzi mwekundu. Akaweka skafu zote za kiume mbele ya meza, akakaa kwenye kigoda katikati ya njia, akaanza kushona mapindo mchana kweupe. Alivaa kitenge kile kile cha njano, hereni kubwa, wanja umekolea. Mtu akimkodolea macho, Amne anaacha kushona na kumtazama mpaka aondoke.

Haji alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Siku ya soko kubwa akaja mwenyewe, shingo tupu, sauti imekauka kwa baridi ya barabarani.

"Nimekuja kununua skafu."

"Chagua," Amne alisema, mikono ameikunja kifuani. "Mimi sishiki kitu."

Haji akachagua. Alichagua ya kijivu, yenye pindo jekundu lisilojificha. Akajizungushia mwenyewe, fundo likamkaa chini ya sikio. Happiness aliinua shingo juu ya masweta yake. Haji akamwona, akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Mbona kelele, uko wapi?"

"Niko mezani kwa Amne. Nimenunua skafu. Nimeichagua mwenyewe na nimeivaa mwenyewe, Amne hajaigusa. Stendi nzima inaona."

"Unanitafutia nini wewe mtoto?"

"Radhi zako. Wiki hii posa inakwenda Mwankoko. Nakuomba uwemo, shangazi, wewe ndiye mama yangu. Usipokuwemo nitalia, lakini itakwenda."

"Kwa yule mwanamke?"

"Kwa yule yule. Ulikosea kuifumua ile skafu, na mimi nilikosea zaidi kwa kusimama nikiangalia. Akili zangu ni timamu. Nampenda."

Simu ikakatika upande wa pili. Watu walikuwa wamejaa kuizunguka meza.

"Umemaliza?" Amne aliuliza. "Umeposa kwa shangazi yako, umeposa kwa stendi. Mimi hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Utanikubali?"

"Nina hasira na wewe, Haji."

"Najua."

"Haitaisha leo. Nitakwenda nayo mpaka kwenye ndoa."

Uso wote wa Haji ukacheka. "Njoo nayo," alisema.

"Basi sogea. Umeivaa kama mtu anayeumwa jino."

Alimvuta kwa ncha mbili za skafu mbele ya kila mtu, akalifungua lile fundo, akaanza upya. Alikuwa amekatazwa na mji mzima kumshika shingo huyu mwanaume. Akamshika, na hakuwa na haraka. Kisha, bila kugeuza kichwa, akapaza sauti:

"Happiness, sogea karibu uone vizuri. Usije ukapeleka habari nusu."