Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Binti wa dada yangu si mwongo. Nalisema mapema, maana nawajua watu: ukiwasimulia jambo kama hili wanatazamana, halafu mmoja anauliza kama mtoto alikuwa amekula. Alikuwa amekula. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na mwalimu anafundisha takwimu.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo kweli. Ukipiga chafya bweni la wasichana, mlinzi wa getini anakupa pole. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na kiongozi wao alikuwa binti yetu. Walimwita Dada Mkubwa kwa kuwa aliwazidi umri. Alikaa nyumbani miaka sita akilea wadogo zake kabla ya kupata nafasi ile. Yeye ndiye aliyepitisha karatasi ya mahudhurio meza kwa meza, akaweka sahihi yake mwisho, kisha akaipeleka kwa msajili.

Mwalimu wa takwimu walimbandika jina la Robo Tatu. Kila Jumanne, kabla hata ya salamu, alisema, "Asiyefikisha robo tatu ya vipindi, mtihani atausikia kwa wenzake!" Kisha akaugeukia ubao, na mgongo wake ndio uliofundisha mpaka mwisho. Alihesabu sahihi, hakuhesabu vichwa. Basi wanafunzi nao wakawa wanasainiana, leo mimi kwako, kesho wewe kwangu, na hakuna aliyeona ni kosa.

Rafiki wa Dada Mkubwa, aliyelala naye chumba kimoja, aliitwa Shoto. Walikuwa chanda na pete. Shoto aliandika kwa mkono wa kushoto, na kiganja chake kilifuata nyuma ya kalamu kikipakaza wino, hata daftari zake zote zikawa na michirizi ya bluu. Homa ilipomzidi, mama yake, fundi cherehani, alikuja kumchukua. Shoto akasimama mlangoni, amejishika ukuta.

"Dada, nikikosa mtihani huu narudia mwaka," alinong'ona.

"Nenda upone. Nitakusainia mpaka urudi."

"Haya. Na siku ukikosa wewe, nitakusainia mimi."

Wakacheka, wakapigana viganja, Shoto akaenda zake.

Jumanne ya kwanza Dada Mkubwa alimsainia. Jumanne ya pili pia. Simu ya Shoto haikupatikana, naye akasema ni mtandao tu. Jumanne ya tatu karatasi ilipomfikia, akakuta mbele ya jina la Shoto pameshasainiwa. Akatabasamu, akadhani kuna mwenzao mwingine mwenye huruma. Ni alipokuwa njiani kwenda kwa msajili ndipo alipoona wino umepakazwa. Akajipa moyo kwamba aliyesaini alikuwa na jasho mkononi.

Jumanne ya nne ikawa vilevile. Safari hii aliangalia kiti cha Shoto, kile cha dirishani. Kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, nafasi ya mtu kukaa. Wenzake walikuwa wameketi mbali nacho, na alipowauliza, hakuna aliyejua kwa nini.

Kipindi kilipokwisha, mama yake Shoto alikuwa kwenye ukumbi wa nje, amevaa nyeusi, amekumbatia daftari.

"Mwanangu amefariki," alimwambia Robo Tatu. "Leo ni wiki mbili. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Simu yake ina namba ya siri, sikujua nimpigie nani."

"Pole sana, mama," Robo Tatu akasema, akavua miwani, akaivaa tena, akainamia karatasi aliyoishika Dada Mkubwa. "Lakini... mbona leo alikuwepo? Sahihi yake hii hapa."

Mama hakubishana. Alifungua daftari la mwanawe. "Tulimzika Jumatano. Jumanne iliyofuata nikalikuta mezani, liko wazi. Mimi sijui hesabu. Nisomee ni nini hiki."

Robo Tatu akasoma. Ulikuwa mfano wa kinyozi mwenye wateja watano, mmoja kipara. Aliubuni mwenyewe, palepale ubaoni, Jumanne ya tatu, wala haumo kitabuni. Wino ulikuwa umepakazwa ukurasa mzima.

"Siku aliyokufa alikuwa anainuka kitandani," mama alinong'ona. "Namlaza, anainuka. Ananiambia, 'Mama, niache niende. Nimeshaandikwa nipo.' Nani anamwandika mwanangu? Nawaomba, mwacheni alale."

Dada Mkubwa alikuwa na karatasi mkononi. Alijua jibu. Alijua pia kwamba kiongozi wa darasa anayeghushi mahudhurio hufukuzwa, na ile miaka sita ingekwenda na maji. Akamshika mama wa watu mkono, akampa pole, akanyamaza. Aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote hajawahi kuona aibu kama ile.

Wiki hiyo hakulala. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na bado alikuwa akijisogeza ukutani kana kwamba anampisha mtu.

Jumanne ya tano alichukua rula, akalipiga mstari jina la Shoto, maana ofisi ilikuwa bado haijaliondoa, ndipo akaipitisha karatasi. Ilizunguka. Ikarudi. Mstari ulikuwepo. Mbele yake palikuwa na sahihi. Akaigusa. Mbichi.

Robo Tatu alikuwa anaandika ubaoni. Chaki ikanyamaza. Lakini kulikuwa na kitu kingine kikiandika. Kalamu. Inakwaruza taratibu, dirishani. Dada Mkubwa hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Dada." Sauti ilikuwa sikioni. "Huko wananiambia nimechelewa. Niende wapi? Si umeniandika nipo?"

Akainuka, kiti kikaanguka. Karatasi akaiacha mezani, nafasi yake mwenyewe ikiwa tupu, akakimbia mpaka ofisini kwa msajili.

Msajili alikuwa mama mtu mzima, mkali. Dada Mkubwa alimwambia yote, machozi yanamtoka. Msajili alitoa faili, akampa kalamu. Mbele ya sahihi mbili alizoghushi, binti yetu akaandika "Hakuwepo." Akaandika hivyo hivyo mbele ya zile mbili zilizopakazwa.

"Unajua adhabu yake?" msajili akauliza.

"Naijua, mama."

"Utakaa nyumbani mwaka mzima. Na ushukuru hukufukuzwa."

Akashukuru, tena kwa moyo wote, kwa sababu kifua kilikuwa kimefunguka. Robo Tatu akaingia na karatasi ya siku ile, amekuja kuuliza kulikoni. Dada Mkubwa akaitazama. Mbele ya jina la Shoto palikuwa na mstari wa rula tu. Sahihi haikuwepo. Alilia kwa faraja, akasema, "Lala, mdogo wangu, lala." Kisha macho yakashuka mpaka chini, kwenye jina lake mwenyewe.

Pamesainiwa. Wino umepakazwa.

Wenzake wote kumi na saba waliapa kwamba hawakuigusa karatasi baada ya yeye kutoka. Nami nawaamini.

Dada yangu alimleta kwangu abadilishe hewa. Siku sita za wiki ni mtoto wa kawaida: anapika, anafua, ananitania kwa kukoroma kwangu. Jumanne hatulii. Anaanza asubuhi kuzunguka ua, anakwenda mlangoni, anarudi. Namwambia, "Keti, mwanangu, leo huna kipindi," anaketi, anainuka.

Jumanne iliyopita, saa nne, aliketi mwenyewe, mikono mapajani, macho wazi. Nikamwita, hakuitika. Nikamtikisa bega.

"Niache, mama mdogo," akasema polepole. "Nimeshaandikwa nipo."

Nilichukua simu, nikampigia msajili, nikamsihi alifute jina lake.

"Nililiondoa mwezi uliopita," akanijibu. "Kwenye karatasi halimo kabisa." Nikasikia makaratasi yakifunuliwa. Aliporudi kwenye simu alikuwa ananong'ona.

"Mama, mimi nilidhani anaingia darasani kinyemela. Huyu mtoto yuko wapi sasa hivi? Mbona kila Jumanne kuna mtu anaandika jina lake chini kabisa, kwa mkono, na kusaini?"

Nikageuka kumtazama. Binti yetu anaandika kwa mkono wa kulia, na nyumba yangu haina kalamu ya wino. Nikakifunua kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa cha bluu, na wino ulikuwa bado mbichi.