Kwaresima ya Fiachra

Kila asubuhi, Malachy Tuohy alipomaliza kukamua ng'ombe, alivua buti mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda kumpigapiga mwanawe mgongoni. Alikunja kiganja kama kikombe. Fiachra alilala kifudifudi, akakohoa mpaka makohozi yakatoka.

"Polepole, Baba. Mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe hanijibu jeuri," alisema Malachy.

Fiachra alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwilini uwe mzito kama gundi. Ute huo ulikuwa umeharibu mapafu yake. Alipumua kwa msaada wa oksijeni. Kwa miezi kumi na moja jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa mapafu huko Dublin.

Jumatano ya Majivu alitangaza mezani: "Siku arobaini sili siagi, krimu, nyama wala kitu kitamu. Namtolea Mungu, anipe mapafu."

Mama yake, Assumpta, alijaa fahari. "Nyanya yako alifunga hata maziwa kwenye chai," alisema. Jumapili, nje ya kanisa, aliwaeleza majirani wote.

Wiki ya nne alikuja Noreen, muuguzi wa wagonjwa kama Fiachra. Alimpima Fiachra uzito. Akatazama namba, akamwambia ashuke, akampima tena.

"Kilo arobaini na sita," alisema. "Februari ulikuwa na hamsini na moja. Kuna nini?"

"Amefunga," Assumpta alijibu. "Kwa ajili ya mapafu."

Noreen akavuta kiti. "Assumpta, sikiliza. Ute ule ule unaziba njia ya kongosho. Chakula, hasa cha mafuta, hakisagwi vizuri bila vidonge vya kukisaga. Na kupumua tu kunamchosha kama anayepanda mlima siku nzima. Anahitaji chakula karibu mara mbili ya kile anachokula baba yake. Akishuka chini ya arobaini na tano, madaktari watasimamisha jina lake. Mwili usio na akiba hauhimili upasuaji. Simu ya hospitali haitalia."

Assumpta akashika mdomo. "Nimemnyima mwanangu siagi!"

"Hukuninyima, nilikataa mwenyewe," Fiachra alifoka, akihema. "Nilimwahidi Mungu! Nirudi nyuma kama mwoga?"

"Wagonjwa hawafungi, hata padri atakwambia. Lakini kama unataka sadaka ngumu, ninayo," alisema Noreen. "Kula mara sita kwa siku, hata bila hamu. Meza vidonge kila unapokula. Usiruke hata mara moja."

"Hayo ni mateso."

"Si uliomba Kwaresima?"

Malachy alicheka mpaka akafuta macho. Fiachra alinuna. Kisha akasema, "Leteni viazi."

Assumpta akapaka siagi nene kama kidole. Krimu ikaingia kwenye uji na kwenye supu. Sahani ya sita ilipofika, Fiachra aliitazama kama adui.

"Umeshindwa?" baba alimchokoza.

"Nani kakwambia?" Akala, taratibu, mpaka sahani ikawa tupu.

Pasaka ilimkuta na kilo arobaini na nane. Mwezi Juni alifika hamsini na mbili. Mchana mmoja, akiwa na mdomo umejaa soseji, simu ililia. Ni hospitali ya Dublin.

"Tumepata mapafu yanayokufaa. Una homa? Uzito wako je?"

"Sina homa. Hamsini na mbili!" alijibu, kama mtu anayetaja magoli ya timu yake.

Upasuaji ulichukua saa kumi. Mahali fulani familia moja ilikuwa inalia, na katika kilio chao walikuwa wamekubali kutoa mapafu ya marehemu wao. Assumpta aliwaombea kila siku, bila kujua majina yao.

Wiki ya pili Noreen alifika wodini. "Vidonge vya chakula utaendelea navyo," alisema. "Na dawa za kulinda mapafu, maisha yako yote."

"Na siagi?" aliuliza Malachy. "Maana mama yake amebeba pakiti nne kwenye mkoba."

Fiachra akacheka. Wazazi wake wakangoja kikohozi ambacho kwa miaka mingi kilifuata kila kicheko chake. Hakikuja. Fiachra alizitazama nyuso zao, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akacheka tena, kwa nguvu, mpaka watu wa wodi ya jirani wakasikia.