Kitabu Kilichozikwa Kwenye Rafu ya Kilimo

Picha yangu ilitua kwenye kundi la darasa nikiwa bado na mswaki mdomoni.

Nimeinama mezani maktabani, kitabu kikubwa cha famakolojia kimefunguka mbele yangu. Chini ya picha, maneno manne: HUYU NDIYE MWIZI WENU.

Aliyeirusha ni kiongozi wa darasa letu la uuguzi. Tunamwita Mheshimiwa, kwa jinsi anavyopenda kufungua kikao hata tukiwa kwenye foleni ya kantini.

Sijasuuza mdomo, kundi limeshawaka.

"Kumbe ndiyo maana anaongoza kila mtihani."

"Arudishe, au tumfuate chumbani."

"Muuguzi mwizi... mgonjwa atabaki na shuka kweli?"

Sauti moja tu ilinitetea.

"Mwacheni mdogo wangu. Nimekua naye, namjua. Hana tabia hiyo."

Huyo alikuwa Dada, mtoto wa mama mkubwa. Tunasoma darasa moja, tunalala chumba kimoja. Niligeuka nikamwona ameketi kitandani kwake, simu mkononi.

"Usilie," akaniambia.

Sikuwa nalia. Nilikuwa naitazama ile picha.

Niwaeleze, msije mkapotea. Kitabu hicho maktaba yetu inayo nakala moja. Hakiazimwi kwenda nacho nyumbani. Unakichukua kaunta, wanapitisha kadi yako na kitabu kwenye mashine, unasoma humo humo ndani, unakirudisha, wanakipitisha tena. Anayedaiwa kitabu hasainiwi na maktaba. Asiyesainiwa hapati kibali cha mtihani. Asiye na kibali anarudia mwaka.

Siku niliyokitumia, foleni ya kurudisha ilikuwa ndefu na zamu ya wodini ilikuwa inanisubiri. Nikafanya tunachofanya wote. Nikakiweka kwenye toroli kando ya kaunta, wakipitishe wakipata nafasi.

Hawakukipitisha. Kuna mtu alikiokota pale torolini kabla yao, na tangu hapo hakijaonekana.

Nilikwenda kwa mkutubi mkuu.

"Mashine inasema unacho," akasema.

"Mashine haikuniona nikikiweka torolini."

"Haikukuona kwa sababu toroli si kaunta, binti. Kitabu kije kabla ya mtihani. Kisipokuja, sina saini ya kukupa."

"Mlango umelia wiki hii?"

Akanitazama juu ya miwani. Mlango wa maktaba yetu hupiga kelele kitabu kama hicho kikijaribu kutoka.

"Haujalia."

"Basi kimo humu."

"Humu mna rafu ngapi, unajua? Karibu utafute."

Hakuwa na haja ya kunikaribisha. Kila mwanafunzi wa pale anajua kuzika. Kitabu kikigombaniwa, mtu anakipeleka kwenye rafu isiyo na wasomaji, anakisukuma nyuma ya vingine, anakuja kukisoma peke yake wakati wenzake wanahangaika. Kosa la kishamba, na limefanywa na watu wenye alama nzuri tu.

Swali langu lilikuwa moja. Nani kakizika?

Nilianza na Mheshimiwa. Muhula uliopita nilisema mbele ya mwalimu kwamba ratiba ya zamu za wodi anawapangia rafiki zake asubuhi na sisi wengine usiku. Alivuliwa kazi ile. Tangu hapo hata salamu yangu anaipokea kama bili ya hospitali.

Nilimkuta kwenye ngazi za hosteli.

"Picha yangu umeipata wapi?"

"Ukweli hauulizwi umetoka wapi."

"Nimekuuliza picha."

"Nimetumiwa. Namba ngeni. Na ningeipata mapema ningeirusha mapema." Akacheka. "Jiandae kurudia mwaka, mtaalamu. Labda utajifunza kunyamaza."

Jibu la chuki, lakini lilikuwa jibu. Picha hakuipiga yeye.

Nikaifungua tena, nikaikuza. Nilikuwa nimeiona mara nyingi siku hiyo, kila mara nikijitazama mimi. Safari hii nikatazama pembeni.

Kwenye kona ya chini, karibu na mpigaji, kulikuwa na chupa ya maji. Nusu yake imekatwa na picha. Kifuniko chake kilikuwa kimezungushiwa plasta ya hospitali, ile nyeupe.

Nilikizungushia mimi hicho kifuniko, kilipopasuka.

Chupa ilikuwa ya Dada.

Nilikaa na simu mapajani... Nikajiambia, labda mtu mwingine alikaa upande wake. Labda aliiacha pale. Nikayapanga hayo malabda yote, kisha nikayaacha, kwa sababu hakuna hata moja nililoweza kulithibitisha.

Kesho yake nilimfuatilia. Dada ana meza yake ya miaka yote, karibu na dirisha, kwenye hewa. Wiki ile alikuwa amehamia pembe ya mwisho kabisa, kwenye joto na vumbi, mbele ya majarida ya zamani ya kilimo. Msichana anayesomea uuguzi, kajibanza mbele ya magonjwa ya mihogo.

Aliyezika hapendi kwenda mbali na kaburi.

Alipoingia darasani, mimi nikaingia maktabani. Nikatoa majarida machache ya rafu ya chini. Kitabu kilikuwa nyuma yake, kimelala kifudifudi.

Sikukigusa.

Najua mnasema, si ungekichukua ukimbie nacho kaunta? Mkononi mwangu kingethibitisha kila lililoandikwa kundini. Mwizi kaogopa, kakirudisha. Ndivyo ningebaki mpaka namaliza chuo.

Jioni tukiwa tunakunja nguo, nikasema kama mtu anayesema habari za mvua.

"Mkutubi kaniambia yale majarida ya kilimo yanahamishwa stoo kesho. Wanaanza baada ya chakula cha mchana."

Mikono ya Dada ilisimama kwenye shuka.

"Yote?"

"Yote. Kwani wewe unalima?"

Akacheka kidogo. "Wewe nawe... Nakuombea kitabu kipatikane tu, mdogo wangu."

Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Ulikuwa uongo wangu, na uliingia sikio moja tu.

Asubuhi nikaenda kugonga kwa Mheshimiwa.

"Nataka uje maktabani kabla ya chakula. Ukae nyuma ya rafu, usiseme neno."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unanichukia."

Akafikiri. "Hilo ni kweli."

"Rafiki yangu akiona kitu, watasema kanitetea. Ukiona wewe, hakuna wa kusema hivyo."

"Na nikiona ni wewe mwenyewe?"

"Utairusha kundini kabla sijafika mlangoni. Njoo na simu yenye chaji."

Alikuja. Alikuja na simu yenye chaji kweli.

Tulisimama nyuma ya majarida ya mifugo. Ananuka manukato mengi, mimi napumua kwa mdomo. Saa ya chakula ilipokaribia na watu wakapungua, Dada akaingia.

Hakuangalia vitabu. Alitupa jicho huku na huku, akapiga magoti rafu ya chini, akasukuma majarida, akazamisha mkono hadi begani. Akakitoa. Akakifuta vumbi kwa upande wa gauni lake, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Kisha akaelekea rafu ya ramani, kutafuta kaburi jipya.

Mheshimiwa akatoka, simu juu.

"Shikamoo, dada wa mwizi."

Kitabu kilimponyoka. Nikatoka na mimi.

Alinitazama mimi, si simu.

"Umemleta huyu? Huyu, kwa damu yako?"

"Picha ulimtumia wewe," nikasema. "Kwa namba ngeni. Halafu ukanitetea mbele ya wote."

"Nyumbani kila simu ni wewe. Mwenzako kapata hivi, mwenzako kafika hapa. Mama yangu mzazi, ananitajia wewe!" Akainama kuokota kitabu. "Nilitaka mwaka mmoja tu... mmoja tu wasikutaje."

"Ungekipeleka kaunta hata jana."

"Tukipeleke sasa. Tuseme kilidondoka nyuma ya rafu. Mdogo wangu, tafadhali. Hakuna anayeumia."

"Ninayeumia ni mimi. Ndimi niliyekuwa nirudie mwaka."

Nilimwelewa vizuri sana. Bado sikuona ni kwa nini gharama ya wivu wake niilipe mimi.

Mkutubi mkuu aliitwa. Mheshimiwa alieleza alichokiona, neno kwa neno, hakuongeza chumvi. Chuki yake kwangu haikupungua hata kidogo, na ndiyo iliyomfanya aaminiwe. Mchana ule aliandika kundini maneno mawili: SI YEYE. Msamaha hakuomba, na mimi sikuungoja.

Waliotaka kunifuata chumbani walifuta jumbe zao kimya kimya. Nilikuwa nimeshazihifadhi zote.

Mimi nilipata kibali. Dada, kwa kuficha kitabu cha maktaba, hakupata. Anarudia mwaka.

Mama mkubwa alipiga simu usiku huo huo.

"Umemwaibisha mwenzako, mwanangu. Mambo haya si yangezungumzwa nyumbani?"

"Mama mkubwa, aliyazungumza kundini. Mimi nimejibu."

Akakata.

Wewe unayesoma hapa, jambo langu kwako ni dogo. Ukichafuliwa jina, usimkimbilie anayekutetea kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtazame kwanza amekaa wapi. Na ukitafuta shahidi, mtafute yule ambaye hakuna atakayesema anakupenda.

Dada bado analala kitanda cha pili. Hatusalimiani. Ile chupa ya plasta bado iko dirishani.

Maktabani, foleni iwe ndefu namna gani, nasimama kaunta mpaka mashine ilie. Walio nyuma yangu wananisonya.

Wasonye.